Walisajili Mguu

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alinipigia simu saa tatu usiku. Ni mwalimu wa drama katika shule ya mabweni ambayo nimewahi kuiandikia mashairi ya kikundi, na ambayo hulipa kwa wakati, jambo adimu katika kazi hizi zetu. Hakuzungusha maneno.

"Buda, nitafutie sauti. Watoto wawili wa Gredi ya 9, wale wa kukusisimua mwili. Mambo ya nafasi wacha kwetu."

Nikamuuliza karo itakuwaje.

"Tutaona. Mtoto akileta kombe, nani atamuuliza karo?"

Kisha akataja changu: elfu kumi kwa kila mtoto. Kodi ya nyumba yangu ni elfu tisa, na nilikuwa na deni la miezi miwili. Tena tayari nilikuwa namjua mtoto mmoja, msichana wa Huruma ambaye akianza kughani, hata makanga walio nje ya ukumbi hunyamaza. Nilimwambia mwalimu nitampigia kesho. Kesho ikafika, sikumpigia. Si kwamba mimi ni mtu safi sana. Ni kwamba mimi mwenyewe niliingia shule kwa mlango huo huo.

Nilipata alama 281 katika KCPE ya 2013. Shule iliyonichukua ilikuwa inaita watoto wa 340 kwenda juu. Mamangu hakuwa na mtu wizarani wala pesa za chai. Nilichokuwa nacho ni sauti. Mwaka huo shairi letu lilifika mashindano ya eneo la Magharibi, mimi nikiwa mghani wa mbele, na mtu fulani aliyekuwa ameketi nyuma ya ukumbi akamfuata mwalimu wetu nje. "Huyu mwembamba anaenda wapi mwaka ujao?" Barua yangu ya kujiunga ilikuja wiki mbili baada ya wenzangu kuripoti. Mama alinunua sanduku la bati la mtumba, akalipaka rangi upya kufunika jina la mwenyewe wa kwanza.

Wiki hiyo hiyo aliripoti kijana mwingine. Nitamwita Sita, kwa nambari ya jezi yake, na kusema kweli hivyo ndivyo shule nzima ilivyomwita. Alikuwa na alama 243. Alitoka kijiji cha karibu na mpaka wa Uganda, na alicheza katikati ya uwanja kana kwamba huo ndio mtihani aliokuwa ameusomea. Sisi wawili tulikuwa mamono waliochelewa, kwa hivyo tukapewa dawati moja la nyuma, kando ya dirisha lisilo na kioo.

Na kijijini kwetu kulikuwa na mvulana wa tatu. Yeye alipata 347. Shule ile ndiyo aliyoijaza kama chaguo lake la kwanza, na hakuitwa. Alienda shule ya kutwa ya karibu, ambayo maabara yake yote ilitoshea kwenye kabati. Mama yake na mama yangu walikuwa chama kimoja. Kila Alhamisi waliketi pamoja wakihesabu michango, na mamangu hakuwahi kutamka jinsi nilivyoingia. Aliniambia tu, "Ukija likizo, usipite na sare mbele ya kwao." Miaka minne nilizunguka kwa njia ya kisimani.

Kwa hivyo swali langu si la vitabuni. Je, nilimwibia yule mvulana kiti?

Jibu la haraka ni ndiyo. Alama ndizo kipimo, mwenye nyingi aingie. Ni sheria rahisi na ina heshima yake. Haiulizi kabila, haiulizi baba ni nani. Kwa mtoto asiye na mtu, mtihani ulikuwa mahali pa nadra ambapo Kenya iliangalia karatasi yake bila kumwangalia uso. Mtu akicheka sheria hiyo, mara nyingi ni mtu ambaye ana njia nyingine ya kuingia.

Lakini alama nazo husajiliwa, si ndiyo? Mtoto wa akademia alipikwa miaka minane: darasa dogo, mitihani ya majaribio kila mwezi, masomo ya ziada Jumamosi, baba wa kuulizwa hesabu. Darasa letu la nane lilikuwa na watoto 70 na vitabu 11 vya Kiswahili. Shule ya mabweni ikichukua alama peke yake, inachukua pia pesa zilizozipika hizo alama, halafu inaziita bidii.

Hoja hiyo ni tamu, na nimeitumia sana nikijitetea usiku. Ina shida moja tu. Yule wa 347 alisoma darasa moja nami. Tulishika vitabu vile vile 11. Hakuna mtu aliyemnunulia chochote. Alisoma tu.

Imenichukua miaka kufika mahali ambapo naweza kujibu bila kujipendelea. Nadhani ni hivi. Shule ya mabweni si ukumbi wa mtihani. Ni mahali ambapo watoto mia kadhaa wanaishi miaka minne, wanalala, wanaugua, wanaimba, wanapigana, wanakua. Ikitaka mtoto mwenye sauti, au mwenye mguu, haijaanza kukosea. Kuna mazuri yaliyotoka huko. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika St. Patrick's Iten kufundisha jiografia, na shule ile ikalea wakimbiaji ambao dunia ilikuja kuwajua. Peter Rono alisoma pale, kisha akatwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba kile kiti kilipotea.

Kosa la kwanza, basi, ni siri. Kama shule yetu ingetangaza mchana kweupe kwamba ina viti mia mbili, na kumi kati ya hivyo ni vya talanta, yule mvulana angejua anashindania viti 190. Angekosa, angeumia, lakini hakuna ahadi ambayo ingekuwa imevunjwa. Yeye aliambiwa viti vyote vinashindaniwa kwa alama. Mimi sikumwibia kiti. Shule ilimdanganya kuhusu mashindano, na mimi nikanufaika na uongo ule, nikautunza kwa kuzunguka njia ya kisimani.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na linamhusu Sita.

Kila msimu wa michezo ya shule kuna neno linalorudi magazetini: mamluki. Chama cha michezo ya shule za sekondari hukagua vyeti na fomu za usajili, timu huondolewa mashindanoni, makocha hurushiana lawama. Mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi halali: amezidi umri, au ameletwa muhula wa michezo na ataondoka nao. Neno hutumika kama tusi, na tusi humwangukia kijana, si mtu mzima aliyemleta.

Lakini sikiliza neno lenyewe. Limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa miliki na milki. Maana yake ya asili ni anayemilikiwa. Mamluki wa Misri walikuwa wavulana walionunuliwa wakiwa wadogo, wakapelekwa mbali na kwao, wakafunzwa vita kambini. Baadaye waligeuka wakawa watawala, wakashika Misri tangu 1250 hadi 1517. Sisi tumeligeuza neno likawa mtu wa kukodiwa, anayefuata pesa. Sasa, mtu wa kukodiwa si hulipwa? Sita hakulipwa hata shilingi. Alikuwa na umri halali, sare, nambari ya usajili na kitanda bwenini. Kwa sheria za michezo hakuwa mamluki. Kwa maana ile ya kale, alikuwa mamluki kamili.

Walimu walimpenda jinsi mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Alipewa mayai mawili asubuhi sisi tukinywa uji mtupu. Alilala darasani na hakuna aliyemwamsha. Wakati wa prepu alikuwa uwanjani hadi giza, kisha anaoga, analala. Mwanzoni nilimwonea wivu, si uongo. Halafu usiku mmoja tukiwa kidato cha pili alinijia na kitabu cha Kiingereza na tochi ndogo. "Nisomee polepole," akasema, "halafu nami nijaribu." Ndipo nikajua kwamba jamaa hakuwa anaweza kusoma ukurasa mzima na kuuelewa, na kwamba kwa mwaka na nusu hakuna mwalimu aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulisoma hivyo wiki mbili. Kisha msimu ukaanza.

Muhula wa pili wa 2016, kwenye fainali za kaunti, goti lilienda. Nilikuwa nimesimama na mashabiki na nikasikia akilia kama mtoto. Timu ilishinda siku hiyo. Mwalimu wa michezo alimtembelea hospitalini mara mbili, nampa haki yake. Muhula wa tatu, kwenye gwaride la asubuhi, deputi alisoma orodha ya wenye salio la karo. Kwa mara ya kwanza tangu 2014 jina la Sita lilikuwemo, jina lake kamili, na wanafunzi wengi waligeuka kuangalia huyo ni nani. Shilingi 61,400. Alitoka getini kwa mkongojo, mono mmoja akimbebea sanduku. Hakurudi.

Mimi nilikuwa mstari wa pili, na nilikuwa na deni linalokaribia lake. Jina langu halikusomwa. Sauti yangu ilikuwa imevunjika kidato cha pili, na hofu niliyoipata wakati huo sijawahi kuipata tena maishani. Nilijua nimeletwa kwa ajili ya kitu ambacho koo langu limekitupa. Nikaanza kuandikia wenzangu mistari, usiku kucha, hadi mwalimu akasema mistari yenyewe inashinda sauti yangu ya zamani. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mwandishi. Wengine husema waliitwa na kipaji. Mimi niliogopa kufukuzwa. Mguu wangu nao ulivunjika, ila mimi nilikuwa na mguu mwingine mfukoni. Sita hakuwa nao. Asubuhi ile ningeweza kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hata mimi nadaiwa." Niliangalia viatu vyangu.

Nilifika chuo kikuu 2018 na nikakaa hadi pesa zilipokwisha 2020. Nilichobaki nacho ni semesta chache za falsafa na tabia ya kubishana. Katika semesta hizo tulisoma Immanuel Kant, Mjerumani ambaye mwaka 1785 aliandika kwamba usimtumie mtu kamwe kama chombo tu, bali umtazame pia kama mwenye thamani ndani yake. Darasani watu walikimbilia neno chombo. Mimi nilikwama kwenye lile neno dogo, tu. Kwa maana sote tunatumiana. Kinyozi hunitumia kupata unga, nami humtumia kupata kichwa safi. Hakuna ubaya hapo. Ubaya uko kwenye tu. Na ukitaka kuipima hiyo tu, usiangalie siku ya kumpokea mtu, siku ya mayai na pongezi. Angalia siku ambayo kazi yake imekwisha. Siku hiyo ndiyo utajua mlikuwa mmemsajili mtoto au mguu.

Mwalimu mkuu wetu angenijibu, na jibu lake si la kijinga. Angesema: timu ile ilituletea jina, jina likaleta wafadhili, wafadhili wakaleta basi, na basi lilibeba hata wale wa 400. Angesema Sita alipata miaka miwili na nusu ya shule ambayo kwao asingeota kuipata, na kwamba shule si benki, haiwezi kulipia watu milele. Na mimi namwambia: kweli kabisa, basi mngemwandikia. Mngemwambia mama yake siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, kwamba karo imesimamishwa kwa muda wa mguu kufanya kazi na mguu ukikoma deni litahesabiwa tangu mwanzo. Hakuna mzazi angetia sahihi. Na hilo ndilo linaloonyesha kwamba ile "tutaona" haikuwa ukarimu. Ilikuwa mkataba ambao masharti yake yalifichwa upande mmoja.

Tusidhani ni sisi tu. Marekani, ambako wakimbiaji wetu wengi wamesoma kwa miguu yao, Rono akiwa mmoja wao huko Maryland, walikuwa na shida hii hii kwenye vyuo. Mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilifanya ufadhili wa wanamichezo uwe wa mwaka mmoja mmoja, kwa hivyo aliyeumia au kushuka kiwango angeweza kukosa kuongezewa. Ilichukua hadi Januari 2015 kwa ligi tano kubwa zaidi kupitisha kwamba chuo kisimnyime mchezaji ufadhili kwa sababu za kimichezo. Miaka 42! Na miaka minne baadaye ikafichuka kwamba matajiri huko walikuwa wakihonga makocha ili watoto wao wasajiliwe kama wanamichezo wa michezo ambayo wengine hawakuwahi kuicheza. Mlango wa talanta ukiwa na thamani, mwenye pesa ataugonga tu.

Nasema haya kwa sababu mlango huo sasa uko rasmi kwetu. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10, na moja ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Nimefurahi, kweli. Mtoto kama Sita sasa anaweza kusoma mguu wake darasani badala ya kulala. Lakini tusijidanganye kwamba talanta ni safi kuliko alama. Kuna watoto Nairobi hii wenye mwalimu wa kuogelea na mwalimu wa piano kabla hawajang'oa meno ya utoto. Kesho hao ndio watakaoitwa wenye vipaji. Tutabadilisha kipimo langoni mara mia na kila mara pesa zitajifunza kipimo kipya. Ndiyo maana siku hizi siulizi sana lango linapima nini. Nauliza ni nini kinamngoja mtoto akishaingia.

Nilikutana na Sita mwaka juzi Eldoret, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako anapakia simiti. Anachechemea kidogo. Nilimwomba msamaha kwa ile asubuhi ya gwaride, naye akaniangalia kana kwamba nimemkumbusha hali ya hewa ya zamani. "Mimi sikudanganywa kuhusu mpira, bro," akasema. "Mpira walinipa. Walinidanganya kuhusu shule." Kisha akauliza kama nilimaliza chuo. Nikasema hapana. Akacheka hadi akashika kaunta. "Sasa wewe ulienda kufanya nini huko na zile noti zote?" Tulikula chapati na maharagwe, akakataa nilipe.

Wiki iliyopita nilienda Huruma kumwona mama wa yule msichana. Anauza mboga kwenye ngazi za ploti. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu kuhusu nafasi, kuhusu hatari, kuhusu mimi. Hata sikuianza. Nilisema tu kwamba kuna shule inataka sauti ya mtoto wake, naye akaendelea kukata sukuma, kisu hakikusita.

"Na sauti ikipotea?" akauliza.

Nilirudi nyumbani nikaandika karatasi moja. Ina mambo manne. Nafasi ni ya mtoto hadi amalize Gredi ya 12, awe na sauti au asiwe nayo. Karo italipwa na nani, kiasi gani, na sahihi ya mwalimu mkuu na ya mzazi iwe chini yake. Saa za prepu ni za prepu, hata msimu wa tamasha. Na shule itangaze wazi ina nafasi ngapi za talanta, ili mtoto wa alama ajue anashindania nini. Hilo la nne ni la yule mvulana wa 347, ambaye siku hizi ni mwalimu wa hesabu huko kwetu na hunisalimia vizuri, bila kujua.

Chini kabisa niliandika kwamba shairi nitaliandika kwa bei ya kawaida, lakini elfu kumi ya kichwa cha mtoto sitaichukua. Nilikaa na sentensi hiyo kwa dakika nyingi kabla ya kuiacha ibaki. Landlodi anakuja Jumatatu.

Nimemtumia mwalimu karatasi hiyo leo asubuhi. Tiki mbili za buluu zimetokea. Bado hajajibu.